Gari Jeupe Tulilonunua Kahama

Mwangaluka, wapendwa! Bwana Yesu asifiwe asubuhi hii! Mimi ni Mama Kulwa wa Didia. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyotutoa kwenye mdomo wa mauti, mimi na marehemu mume wangu.

Ndugu zangu, sisi tulikuwa watu wa baiskeli. Baba Kulwa alilima mpunga, mimi niliuza dagaa. Niliwafuata Nkome, ziwani, narudi juu ya lori nimekalia magunia, vumbi hadi kwenye kope. Lakini jioni zile zilikuwa tamu! Baba Kulwa ananipokea barabarani, anafunga gunia kwenye baiskeli, tunatembea taratibu tukiongea habari za watoto. Natamani hata leo nimsikie akikohoa mbele yangu njiani.

Ndipo siku moja akasema, "Mama Kulwa, umechoka. Tununue gari."

Tukauza ng'ombe, karibu zizi lote, tukaenda Kahama kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Muuzaji akatupokea kwa soda baridi. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Akatuonyesha gari aina ya Noah, jeupe, linang'aa kama sahani mpya. Baba Kulwa akaomba alete fundi alitazame kwanza.

"Fundi wa nini, baba? Kuna mteja yuko njiani. Mkiondoka mtalikosa."

Tukalipa.

Ah, siku zile za mwanzo! Jumapili kwaya ilibanana humo ndani, nyimbo zinaanzia nyumbani kwetu hadi kanisani. Wanangu Kulwa na Doto walilifuta vumbi kabla hata ya kunywa uji. Na Baba Kulwa, alipokwisha kujifunza udereva, alikuwa haendeshi mpaka avae kofia yake ya harusini! Nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Ila chini ya sakafu kulikuwa na mlio. Kila fundi alibadilisha kitu, mlio ukabaki palepale.

Mchana mmoja tulikuwa tunatoka Nkome na dagaa, pamoja na akina mama wawili wa kanisa letu. Tukafika kwenye mteremko, jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo. Nikasikia kitu kinapasuka chini yangu. Ndugu zangu, sakafu ilifunguka! Niliiona barabara inakimbia chini ya miguu yangu! Baba Kulwa akapiga kelele, "Usukani haushiki! Yesu! Yesu!" Na mbele yetu lori la mawe linapandisha.

Nilifumba macho.

Gari likaacha barabara lenyewe, likajichomeka kwenye rundo la kifusi ambacho wachimbaji walikuwa wamekitoa shimoni. Udongo ulikuwa laini. Likazama hadi kwenye taa, likasimama. Wachimbaji wakaja mbio na makoleo, wakatutoa mmoja mmoja. Mama mmoja alivunjika mkono. Baba Kulwa alipasuka kwenye paji la uso. Lakini hakufa mtu! Haleluya!

Fundi alipoingia chini ya gari akatoka anatikisa kichwa. "Baba, haya ni magari mawili. La mbele lake, la nyuma lake. Wamekata, wakachomelea, wakapaka rangi."

Tulirudi yadi. Safari hii hatukupewa hata shikamoo. "Likishatoka getini ni lenu," muuzaji akasema.

Mume wangu akaacha hata kuimba. Hasira ilimkaa kifuani, chakula hali. Kisha akaja dalali nyumbani. "Mzee, lichomelewe tena, lipigwe rangi. Mteja ninaye, mwalimu na mke wake mjamzito. Hawajui magari."

Zizi lilikuwa tupu, ndugu zangu. Nilimtazama mume wangu. Akaligusa kovu kwenye paji la uso.

"Mimi nimeiona barabara chini ya miguu ya mke wangu," akasema. "Mke wa mwalimu hataiona kwa mkono wangu."

Akaliuza kama chuma chakavu, likakatwa vipande mbele ya macho yake. Na jioni ile, akinawa mikono, nikamsikia anaimba. Hakuwa ameimba tangu ajali. Hapo nikajua Bwana amemtoa mume wangu mara ya pili, safari hii kwenye hasira!

Hatukupata tena gari. Tulipata miaka. Aliwaoza Kulwa na Doto, akabeba wajukuu, akawafundisha kupiga mluzi kanisani hadi nikamkemea. Alipougua, aliaga kitandani pake mwenyewe, mkono wake ndani ya mkono wangu. Asante, Yesu, kwa miaka ile!

Wewe unayekwenda kununua gari, nenda na fundi wako, aingie chini alitazame. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Na wewe uliyekwisha kudhulumiwa, usiku hulali kwa uchungu, usiende nyumbani nao leo. Njoo hapa mbele, mwanangu. Nitapiga magoti pamoja nawe.