Muuguzi Aliyechelewa Kwenda Hospitali

Mpendwa wetu, ambaye wodini aliitwa Sista na mtaani watoto walimkimbia wakimwita Bibi Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe mkulima. Alikuwa mwoga tangu utotoni. Tunalisema hili bila kificho kwa sababu yeye mwenyewe alituagiza tuliseme.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959. Mwaka uliofuata wachanjaji walipofika shuleni, alijificha kwenye stoo ya mafagio akabana pumzi. Muuguzi mmoja mnene alimfuata humo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Hata mimi naogopa sindano,” alimwambia. “Ndiyo maana naishika mwenyewe. Afadhali nichome kuliko nichomwe.”

Mtoto akacheka, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameshachanjwa. Januari 1970 aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1972.

Alifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na tatu, hadi alipostaafu mwaka 2006. Adhuhuri moja ya Agosti 1987, mama aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu mfululizo, na daktari alikuwa mwendo wa saa nzima kutoka pale. Sista alimkandamiza tumbo la uzazi kwa mikono yote miwili, akawa hathubutu hata kufuta jasho.

“Sista, unatetemeka,” mgonjwa alimwambia kwa sauti ndogo.

“Ni miguu tu, mama. Mikono iko kazini.”

Daktari alifika, mama yule akapona. Sista akaingia chumba cha mashuka, akajifungia, akalia mpaka zamu ikaisha.

Tarehe 5 Juni 1976 aliolewa na dereva wa lori. Kila safari mume alimuaga akisema, “Nitarudi kabla nguo ulizoanika hazijakauka.” Msimu wa mvua ilikuwa karibu na kweli. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alifariki mwaka 2001, kitandani mwake, si barabarani ambako mkewe alimhofia maisha yote.

Mwaka 2009 kitinda mimba wake alijifungua mtoto wa miezi saba, mwenye uzito wa kilo moja na robo. Bibi alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, siku arobaini na moja, akipokezana na mama wa mtoto shingo upande, maana hakumwamini kwamba hatasinzia. Kila baada ya dakika chache aliinamisha sikio asikie kama mtoto anapumua.

Machi 2023, akiwa anaoga, aligusa kivimbe kwenye titi la kushoto. Alijua ni nini. Wanawake wangapi aliwashika mkono akawapeleka kwa daktari siku hiyohiyo! Chake alikinyamazia miezi mitano. Akavaa blauzi pana, akawa hataki kukumbatiwa. Mganga hajigangi, na woga nao una maneno matamu: ngoja kwanza mvua zipite, ngoja kwanza mjukuu amalize mitihani.

Mjukuu ndiye aliyegundua, yule yule wa kilo moja na robo, sasa binti wa miaka kumi na minne. Asubuhi moja aliingia chumbani kuchukua pasi, akamkuta bibi yake anajifunga bandeji kifuani.

“Bibi, hicho ni nini?”

“Jipu tu.”

“Mgonjwa wako angekuja na jipu la namna hiyo, ungemwambiaje?”

Bibi alimalizia kufunga fundo la bandeji. “Ningemfokea,” alisema mwishowe.

“Basi jifokee, tuondoke.”

Walikwenda asubuhi ileile. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Alipasuliwa, akapewa dawa, akapata miezi ambayo hatukuitegemea. Katika miezi hiyo ndipo alipotuita tuandike maneno haya.

Mwanawe mkubwa alikataa. “Mama, hayo hayasomwi mbele za watu. Watakucheka.”

“Wacheke, halafu waende wakapimwe.”

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, pumzi zilimwia nzito. Tulitaka kuwaambia kwamba aliondoka bila hofu, lakini haikuwa hivyo. Macho yake yalizunguka chumba kizima yakamtafuta mjukuu wake.

“Naogopa,” alisema.

Sisi watu wazima tulianza kumwambia asiogope. Mjukuu alipanda kitandani, akalala ubavuni pake.

“Hata mimi naogopa, Bibi.”

“Kumbe tuko wawili,” alisema, na vidole vyake vilivyokuwa vimekamata shuka vikaliachia.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na dada yake mdogo aliyeketi hapa mbele. Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe mahali pasipo na hofu.