Hosiyat na Moto wa Mwisho wa Mtaa

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa Machi, mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Nairudia tarehe ili itukae kichwani: kumi na tisa Machi. Jua likielekea kuzama, bomba la gesi lililipuka chini ya sufuria kubwa la chuma, hapa hapa Tutzor, nje kidogo ya Tashkent. Hosiyat, mke wa Turdiboy, alikuwa ameshika mwiko. Alikufa palepale.

Leo tunamkumbuka Hosiyat. Na hatuwezi kumkumbuka bila kumtazama Turdiboy, maana yeye ndiye aliyebaki na nyumba.

Turdiboy ni fundi wa kuta za udongo. Shule aliiacha mapema, akapelekwa kuchuma pamba. Alipomwoa Hosiyat, Tutzor ilikuwa mashamba ya aprikoti, na watu wa Tashkent walikuja kununua matunda tu, wakaondoka. Bibi harusi aliingia uani, akatazama huku na huku, akamnong'oneza mumewe: "Hii nyumba au banda la punda?" Mama mkwe alisikia, akanuna wiki nzima. Turdiboy alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaipanua nyumba ile kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, asije akaulizwa tena.

Miaka ikaenda. Hosiyat akawa mama wa shughuli wa mtaa. Harusi bila yeye haikuanza, na maiti ya mwanamke haikuoshwa mpaka afike. Ulimi wake sote tunaujua. Binti yake Oydin anasema: "Mama aliwahi kumwambia wifi yangu, 'Mwanangu, mchele huo unauosha au unaubembeleza?' Wifi alilia. Siku hizi anawaambia hivyo hivyo wengine."

Halafu Tashkent ikatufuata. Miaprikoti iking'olewa asubuhi, jioni kuna shimo la msingi. Maghorofa yakaota. Wao wana lifti na taa ngazini. Sisi wa nyumba za chini tulibaki na mabua ya pamba jikoni, huku gesi ikitupita kwenda kwao. Turdiboy alimfuata mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenyekiti, hiyo gesi inapita mlangoni kwangu kila siku wala haisalimii. Itaingia lini?"

"Kaka Turdiboy, maendeleo yana foleni. Ngoja zamu yako."

"Foleni gani hiyo, aliyekuja jana yuko mbele na sisi tuliozaliwa hapa tuko nyuma?"

Mwenyekiti alicheka. Wenyeviti huwa wanacheka.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mwaka, kabla ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wanawake wa mtaa hupika sumalak, uji mzito wa ngano iliyooteshwa. Moto huwashwa mchana, na mwiko haupumziki hadi kesho yake. Kila anayekoroga huomba lake moyoni. Na moto huwa mahali pamoja tu, pale uwanjani mwisho wa mtaa, kando ya mfereji. Mama wakwe walichimba shimo la moto pale, na mama wakwe wao vilevile. Hakuna anayeuliza tuchimbe wapi.

Asubuhi ile Turdiboy alimwambia mkewe apikie nyumbani. Uwanjani matrekta yalikuwa yamevuruga kila kitu, matope matupu.

"Baba Oydin, nikipikia uani kwangu itakuwa sumalak yangu," Hosiyat akamjibu. "Hii ni ya mtaa. Hata hao wa ghorofani watashuka na bakuli zao, utaona. Wewe lete kuni, na usilete mbichi kama za mwaka jana."

Akaenda na jembe lake. Jirani yake Mastura, aliyechimba naye, anakumbuka walivyofurahi.

"Shoga, udongo laini kama unga!" Mastura alisema. "Wakubwa wametulimia."

"Basi tuwawekee bakuli moja," Hosiyat akasema. "Maskini, ndiyo mara yao ya kwanza kutusaidia."

Wakacheka. Wasikilizaji wapendwa, udongo ule ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umechimbwa wakati wa baridi na kufukiwa. Ndani yake watu wa gesi walilaza bomba jipya la plastiki la kupeleka gesi maghorofani. Kutoka chini ya shimo la moto hadi kwenye bomba ilibaki shubiri moja. Shubiri moja! Hawakuweka alama. Hawakugonga mlango hata mmoja kusema, jamani, msiwashe moto pale.

Moto uliwaka mchana kutwa, na plastiki ikalainika polepole. Hosiyat aliwafukuza wanawake vijana wakale: "Nendeni, mnakoroga kama wagonjwa!" Kisha akamtuma Mastura akalete kuni. Turdiboy, nyumbani, aliposikia kishindo alidhani winchi ya wajenzi imeanguka. Alikimbia. Alimkuta Mastura amekaa chini, mikono imeungua kwa kujaribu kumvuta mwenzake, anarudia neno lile lile: "Alinituma kuni. Alinituma kuni tu."

Siku ya pili ya msiba, Turdiboy akiwa amesimama langoni, kajifunga mshipi kiunoni kama ilivyo desturi ya mfiwa, naibu mkuu wa wilaya alifika kwa gari jeusi. Akatoa pole. Halafu akasema mbele ya wanaume wote: "Marehemu alikuwa mama mwema. Lakini alichimba na kuwasha moto bila kibali."

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo habari iliyosimama. Oydin akienda sokoni, anasikia wageni wakiulizana: "Ndiye binti wa yule mama aliyelipua bomba?" Turdiboy hataki fidia. Anataka mtu mmoja mwenye cheo asimame na kusema mke wake hakuwa na kosa. Ameingia kila ofisi. Anaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu zimekwisha.

Kwa Turdiboy, kwa Oydin na ndugu zake, kwa Mastura ambaye hata leo hawezi kukunja vidole, poleni sana. Mungu ampumzishe Hosiyat. Nasi tulio hai tujitafakari, hasa nyinyi mnaotia sahihi mkiwa mbali na matope yetu.

Siku ile langoni, Turdiboy alimjibu yule naibu. Alikuwa ametoka kulitazama lile shimo. Kuta zake zilikuwa na tabaka la majivu, jeusi, nene, majivu ya moto wa mama zetu wote. Mwenyekiti alimvuta mkono: "Mzee, heshimu mgeni." Hakunyamaza. Aliuliza, naibu akaingia garini, na mpaka leo hakuna aliyemjibu:

"Vijana wenu walipochimba pale kulaza bomba, walipita katikati ya majivu yote yale. Walidhani sisi tunafanya nini pale?"