Winifrida na Madirisha ya Ushirika

Benchi letu liko mkabala na iliyokuwa ofisi ya ushirika wa kahawa, hapa Mbinga mjini. Ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, na mwenyekiti wake ni Mzee Azizi kwa sababu birika ni lake. Baba yake alikuja kutoka Kilwa na biashara ya chumvi, yeye akazaliwa hapa hapa, na mpaka leo anachemsha kahawa na tangawizi kama watu wa pwani, katika mji ambao watu wanalima kahawa lakini nyumbani wanakunywa chai. Wengine ni Wendelin, tunayemwita Breki, aliyekuwa dereva wa lori la ushirika mpaka lori lilipouzwa. Thabiti wa mitumba, tunayemwita Redio kwa kuwa habari zote za dunia zinapita kwake kwanza. Pankras fundi rangi. Na mimi, Mizani, niliyekuwa karani wa kupima kahawa kwenye ofisi hiyo hiyo tunayoitazama kutwa.

Winifrida alikuwa mfanya usafi wa ofisi ile. Ushirika ulipovunjika, miaka ile ya soko huria ambapo kila mwenye fedha aliruhusiwa kununua kahawa, tulipunguzwa kazi wote kwa pamoja, wakubwa na wafagiaji. Wengi wetu tulivuka barabara tukaja kukaa benchini. Winifrida hakukaa. Mumewe alikuwa amekwenda Tunduru kutafuta madini na hakuonekana tena, na binti yake, Gaudensia, alikuwa bado shule. Alinunua ndoo, akaazima ngazi, akapigilia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kwenye ubao wa kukokotea maji, akaanza kupita duka hadi duka kuuliza nani anataka kuoshewa vioo.

Tulimcheka. Katika mji wa vumbi jekundu kama huu, nani atamlipa mtu amwoshee dirisha? Redio alisema kazi hiyo iko Ulaya tu, kwenye maghorofa, ambako watu wanafungwa kamba kiunoni na kuning'inizwa kama nyama buchani. Lakini kampuni binafsi za kahawa zilikuwa zinamiminika mjini, na kila moja ilitaka ofisi yake ing'ae kuliko ya jirani. Wakampa kazi. Duka la dawa likafuata, kisha nyumba ya wageni ya Bi Rukaiya, kisha Abdulmajid mwenye duka la vitambaa. Misimu kadhaa Winifrida hakukosa kazi, hata akamchukua Ephrasia, mwenzake wa zamani, awe anamshikia ngazi na kusuuza.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Ilianza kushuka taratibu, na kufika mwaka 2001 ilikuwa chini kiasi kwamba watu wengine waliacha buni ikaukia mitini. Benchini tuliitafuta sababu. Breki alisema wazungu wameacha kahawa, siku hizi wanakunywa maji ya chupa. Redio akasema si kweli, kuna nchi huko Asia imepanda kahawa mpaka kwenye viwanja vya mpira. Pankras alikuwa amesikia habari za kiwanda kinachotengeneza kahawa kwa maganda ya mahindi, na mnywaji hawezi kutofautisha. Breki hapendi kushindwa. Akasema ziko meli katikati ya bahari zimejaa kahawa yetu, zinazunguka tu, zimekatazwa kutia nanga mpaka mkulima akate tamaa. Mzee Azizi akamuuliza nani kamwambia. Breki akajibu kwamba mtu akishakuwa dereva anaelewa mambo ya safari.

Sababu iwe ipi, mji ulinyong'onyea. Watu walishuka kutoka milimani wakanunua chumvi na mafuta ya taa, wakapanda tena. Ofisi za kampuni zikafungwa moja baada ya nyingine, na kwa wenye maduka kitu cha kwanza kupunguzwa kilikuwa kuosha vioo. Abdulmajid ndiye pekee aliyemweleza Winifrida waziwazi. Alimwambia rafu zake zimebaki mbao tupu, na vumbi la dirishani linamsitiri. Akioshewa kioo, mji mzima utaona hali yake.

Ephrasia aliondoka kwenda Mbamba Bay kwa shangazi yake, kuanika dagaa. Winifrida akabaki na ngazi peke yake. Ndipo kaka yake mkubwa alipokuja kutoka Litumbandyosi kumchukua. Alimkuta hapa benchini amepita kunywa kahawa, akasalimia wote, akapewa kahawa, akasema lililomleta mbele yetu, kwa kuwa aliamini tungemuunga mkono. Na kweli, nyuso zetu zilikuwa zinamuunga mkono.

— Twende nyumbani, akamwambia dada yake. Shamba la baba lipo na nyumba ipo. Mji huu umekwisha.

— Haujaisha. Umeishiwa.

— Kuna tofauti gani?

— Aliyeishiwa anaweza kupata tena.

— Na wewe utakula nini wakati unasubiri?

— Kaka, mimi sisubiri. Nafanya kazi ndogo badala ya kubwa. Nyumbani nitakuja Krismasi, na nitakuja kama mgeni.

Kaka alimaliza kahawa yake na kesho yake akarudi peke yake. Tulimwambia Winifrida amekosea. Breki alimshauri akaange maandazi, Redio alimshauri afuate usipa, wale dagaa wa ziwani, aje kuwauza. Alitusikiliza wote kwa heshima, kisha akachukua ndoo yake akaenda kuosha dirisha moja la duka la dawa, maana wenye duka hawakuweza tena kulipia madirisha yote.

Msimu huo huo ikaja kampuni ngeni, ikapanga jengo la ushirika kwa mfilisi aliyekabidhiwa mali zake, aliyekuwa Songea. Meneja wake alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa, anaamkia kila mtu. Alimwita Winifrida akampa habari ambayo mtu yeyote pale benchini angeipokea kwa mikono miwili: usafi wa ofisi nzima, msimu mzima. Lakini kwanza madirisha yote ya mbele yapakwe rangi nyeupe kwa ndani. Walizungumzia pale kwenye ngazi za mlangoni, na sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara tu.

— Nipake rangi kwenye kioo? Winifrida akauliza.

— Ndiyo, mama. Watu wanachungulia sana. Wanawasumbua wapimaji.

— Wanachungulia mizani. Wamezoea kuuona mshale.

— Ndilo hilo linalosumbua.

— Basi, baba, tafuta mtu mwingine. Mimi naosha vioo, sizibi.

Inabidi nieleze, maana mimi nilikaa ndani ya ofisi ile. Dirisha la katikati lilikuwa linaangaliana na mizani. Mkulima aliposhusha gunia lake, mkewe na majirani walibaki nje, wamebandika nyuso kwenye kioo, wanausoma mshale pamoja na mimi. Nikikosea waligonga. Walikuwa wananiudhi sana, na sijawahi kufanya kazi vizuri kama miaka ile. Winifrida ndiye aliyefuta alama za mapaji ya nyuso zao kila jioni. Alijua dirisha lile ni la nini.

Benchini alipokewa na kelele. Breki alisema msimamo hauchemshwi ukaliwa. Redio alisema huko mbele kampuni zote zitakuwa hivyo, na anayekataa anabaki nyuma. Mzee Azizi alimmiminia kikombe tu.

Pankras aliichukua kazi. Alituambia mwenyewe, wala hakuficha.

— Kupaka rangi ndiyo kazi yangu, akasema. Ningekataa, wangeleta fundi kutoka Songea.

Na ilikuwa kweli. Winifrida hakugombana naye. Ila tangu siku ile, Pankras akiwapo, yeye alikunywa kahawa yake akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akaenda zake.

Msimu ukaanza. Wakulima waliingia na magunia mmoja mmoja, mlango ukafungwa nyuma yao, wakatoka na karatasi. Sisemi kwamba kampuni iliwapunja. Sikuwamo ndani, na hakuna mwingine aliyekuwamo. Watu walisimama mbele ya vioo vyeupe wakatazamana. Wengine waliinama kutafuta mahali ambapo brashi ya Pankras ilikuwa imeruka. Manung'uniko yakaanza mlangoni, yakapanda na watu hadi vijijini, na yaliporudi yalikuwa yameshakuwa makubwa. Redio sasa alikuwa na hakika kwamba ndani hamna mizani kabisa, mna mtu amekaa anakisia.

Siku moja mzee wa Mpepai alishusha magunia yake barazani, akakataa kuingia. Aliomba mizani iletwe nje. Meneja akamweleza kwa upole kwamba utaratibu hauruhusu. Mzee akasema naye ana utaratibu wake, akawaambia wanawe wabebe magunia, warudi nayo nyumbani, safari nzima ya kupanda mlima. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walimwangalia akiondoka. Wachache waliingia ndani, wengi wakamfuata. Kuanzia hapo foleni ikawa inapungua, na mvua za kwanza hazijanyesha tukakuta kufuli mlangoni. Meneja mpole alikuwa ameshakwenda kununua kahawa wilaya nyingine.

Rangi ikabaki. Mnaopita mjini kwa gari hamwezi kujua ilivyokuwa kukaa mbele ya jengo lile kutwa. Madirisha yalikuwa kama macho yenye mtoto wa jicho. Mtu aliyeshuka kwenye basi aliliona kwanza jengo lile, na sura yake ilionyesha ameshajua yuko mji wa namna gani. Sisi wenyewe tulianza kukaa benchini tukiwa tumeligeuzia jengo mgongo.

Winifrida alipanda basi kwenda Songea kuomba ruhusa kwa mfilisi. Aliambiwa anaweza kufanya apendavyo na vioo, ila asitarajie malipo, akaandikiwa barua ya ruhusa. Akarudi, akamwonyesha mlinzi wa jengo barua ile, akaingia na maji ya moto, sabuni na wembe. Kutoka nje tuliona tundu jeusi dogo likichimbika kwenye ule weupe, likapanuka, mpaka likaonekana jicho lake, kisha uso.

Breki hakuvumilia. Alivuka barabara, na mimi nikamfuata.

— Dada, nani kakutuma? akamuuliza.

— Hakuna.

— Nani atakulipa?

— Hakuna.

— Sasa unafanya nini?

Alishuka kwenye ngazi, akasuuza kitambaa kabla ya kujibu.

— Haya madirisha nimeyaosha tangu Gaudensia yuko mgongoni, akasema. Sitapita hapa kila siku yakiwa hivi. Na mji mzima unapita hapa, kaka Breki. Wakisema kazi imekwisha, waseme huku wananiona juu ya ngazi.

Tulirudi benchini. Breki alijaribu kulicheka jambo lile, lakini hakupata wa kumsaidia.

Dirisha la katikati lilimsumbua. Pankras alikuwa amelipaka mara mbili, kazi safi ya fundi, na rangi ilikuwa imeshika. Siku iliyofuata Pankras alifika benchini, akanywa kahawa, akakaa muda mrefu akitazama. Kisha akainuka, akaenda kwake, akarudi na kisu chake cha kukwangulia na kopo la mafuta ya taa. Aliingia ndani bila kubisha hodi. Hatukusikia walichoambiana, kama kipo walichoambiana. Tuliona tu kwamba Winifrida alisogeza ngazi, na mtu wa pili akaanza kukwangua upande wa chini. Jioni walikuja kunywa kahawa pamoja, mikono yao inanuka mafuta ya taa, na Winifrida akakaa.

Bi Rukaiya wa nyumba ya wageni alikuwa wa kwanza kumwita. Alisema wageni wake wa vyumba vya mbele wamelisifu jengo la ng'ambo na kulalamikia vioo vyake. Abdulmajid alichelewa kidogo. Alipokubali, alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alivitoa vitambaa vichache alivyobaki navyo kwenye rafu za ndani, akavitandaza mbele kabisa, vikigusa kioo, akamwambia Winifrida aoshe mpaka rangi za khanga zionekane kutoka sokoni. Kazi haikurudi kama zamani. Lakini Krismasi ilipofika Winifrida alikwenda Litumbandyosi kama alivyosema, akakaa siku za sikukuu, akaaga, akarudi kwenye ngazi yake. Ephrasia naye akarudi kutoka Mbamba Bay, akasema amechoka kunuka samaki.

Jengo la ushirika lilibaki tupu. Winifrida aliendelea kuliosha kila alipopata nafasi, nje na ndani, na vioo vilikaa vinang'aa, ukiona mpaka ukuta wa nyuma na pale sakafuni palipowahi kusimama mizani.

Asubuhi moja alishuka kwenye gari mwanamke aliyejitaja kuwa Albina, mwenyeji wa Chiwanda, kule chini karibu na mpaka. Alikuwa na beseni la usipa kavu, na alikuwa hajawahi kufika kwetu. Alimwamkia Mzee Azizi shikamoo, akatua beseni, akakubali kikombe. Ng'ambo ya barabara Winifrida alikuwa juu ya ngazi, Ephrasia ameishikilia, maji yanatiririka kwenye dirisha la katikati. Albina aliwatazama kwa muda, akalitazama jengo zima, safu yote ya madirisha, kisha akatugeukia.

— Samahani, wazee, akasema. Ofisi hii inafunguliwa lini?

Redio alifungua kinywa. Breki alimwangalia Redio, Pankras akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kufanya kazi mle ndani. Mzee Azizi aliinamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka matone machache, kisha likawa halitoi kitu. Ng'ambo kule Winifrida alikuwa ameshuka, na yeye na Ephrasia walikuwa wanaisogeza ngazi kwenye dirisha linalofuata.