Bunduki ya Zabibu za Msalato

Kijiwe chetu kiko barazani kwa Riyaz, mwenye duka la zana hapa Makole, na kahawa naipika mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa pale huanza kupita masikioni mwangu. Siku hiyo, saa nne asubuhi, Riyaz alilaza mezani bunduki mbili za upepo, hazina risasi: moja nzito, yenye darubini na kitako cha mti, nyingine fupi na nyepesi. Gerson, mwenzetu wa kijiwe mwenye shamba la zabibu, alitaka moja. Ndege aina ya shore walimlia nusu ya zabibu mwaka jana kule Msalato, na safari hii zimebaki wiki mbili tu mavuno yaanze. Kibali cha bunduki kimeshatoka. Aliishika ile nzito, macho yakamlegea.

— Tazama kitako hicho, alisema Brigedia. Jina lake ni Yotham, mlinzi mstaafu. Cheo tulimpa sisi.

— Na hii nyepesi? nikauliza.

— Mkono mtupu haulambwi, akajibu Brigedia.

Methali hiyo na bunduki vimekutana wapi, sijui, lakini wenzake waliitikia kwa vichwa.

— Nyepesi unaibeba kutwa huchoki, alisema Riyaz. Na kulenga ni haraka.

— Haraka haraka haina baraka, akadakia Sila, fundi redio tunayemwita Profesa. Upepo wa Dodoma unaujua wewe? Ukiwa na nyepesi unalenga Msalato, risasi inateremkia Kondoa.

— Halafu shore si mjinga, akasema Brigedia. Uzito anaupima kwa macho. Akiiona nzito, anahama na ukoo wake.

— Na hewa ya huku juu ni nyepesi, Profesa akazidisha. Bunduki nyepesi, hewa nyepesi, risasi itasukumwa na nani?

Wakachukua futi ya Riyaz, wakampima Gerson kuanzia bega hadi kidole. Ile nzito ilimkaa kama amechongewa yeye. Niseme kweli, hata mimi niliitamani.

Mara akafika Zipora, mkewe Gerson, katoka shambani, kanga ina vumbi hadi magotini.

— Shikamoo, mzee Yotham.

— Marahaba, mama. Tumeshawachagulia.

Zipora akainua ile nzito, akalenga chupa tupu juu ya ukuta. Mtutu ukaanza kushuka taratibu. Akairudisha mezani, akachukua nyepesi, akalenga chupa ile ile. Nikammiminia Profesa kahawa, akainywa hadi mashapo, mtutu bado umetulia. Jamani, mama yule anajua kulenga. Brigedia mwenyewe alivua kofia.

— Baba Anjelina, Zipora akasema, jicho bado liko kwenye chupa, ndege wanaingia shambani saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo wewe huwa uko wapi?

Gerson akatazama kikombe chake. Jibu nilikuwa nalo mimi, maana saa hizo hizo, kila siku, kikombe changu cha kwanza huwa ni cha Gerson, lakini nikaendelea kumimina kahawa.

Riyaz akaanza kumfungia Zipora ile nyepesi.