Kikohozi cha Wimbo wa Nne

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba acha kunipepea, mimi si mkaa. Nitasema mara moja tu, maana pumzi yenyewe naivuta kwa kuibia. Kaka yako aandike, yeye ndiye msomi. Mimi shule iliniishia darasa la pili, na hata nyimbo zangu sikuwahi kuziandika, nilizitunga nikisugua masufuria, kisha nikamwimbia mpiga kinanda wa bendi yetu ya jazi mpaka zikamkaa vidoleni.

Cherehani achukue kitinda mimba. Vyumba hivi viwili mkae pamoja, na atakayemfukuza mwenzake nitamfuata ndotoni. Gauni langu la jukwaani lichomeni, nondo wamelimaliza. Mpiga tarumbeta akija msibani mpeni kiti, lakini akianza kujisifu kwamba ule ukimya wa wimbo wa nne, katika albamu ya onyesho letu, lilikuwa wazo lake, mnyang'anyeni kiti. Miaka arobaini anawadanganya watu, na mimi namwachia, kwa sababu uongo wake ulikuwa nafuu kwangu.

Mnajua mlikuwa na dada aliyewatangulia, na kwamba alikufa kwa kifua akiwa na miaka minne. Habari mliyopewa inaishia hapo, na aliyeikatisha ni mimi. Siku ya onyesho lile nilikosa wa kumwachia, nikamlaza nyuma ya pazia juu ya koti la mpiga besi. Fundi mitambo alikuwa ametuonya: mkanda wa kurekodia ni mmoja, tukisimama katikati, basi, albamu hakuna. Wimbo wa nne, pale ngoma inaponyamaza nikabaki peke yangu, mtoto akakohoa. Kile kikohozi cha chini kabisa, cha kukwangua. Nikafunga mdomo, nikatega sikio kama atavuta pumzi. Akavuta. Ukumbi mzima ukadhani ni ufundi, wakapiga makofi. Zilibaki nyimbo tano, wanangu. Nikaziimba zote, na niliziimba vizuri. Nilipofunua pazia midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Siku ya tatu tukamzika.

Picha yake hatukuwahi kupiga. Kilichobaki cha mtoto yule duniani ni kikohozi.

Mwaka jana kaka yako alikuja na watu wa kampuni. "Mama, wanataka kuitoa upya albamu yako," akaniambia. "Watafuta kelele zote, hata kile kikohozi." Asilaumiwe, hakujua cha nani, na alinisomea karatasi neno kwa neno. Kidole gumba nilikibonyeza mwenyewe. Nilichoka kukisikia, nilidhani kikiondoka nitapata usingizi. Wakaniletea kazi yao, safi kama sahani. Nikasikia ngoma inanyamaza, nikajisikia na mimi nanyamaza, nasubiri. Namsubiri nani? Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Mara ya kwanza nilimwacha kwa ajili ya mkanda, mara ya pili nikamfuta. Na mkanda wenyewe wa zamani, walisema, ulikatikakatika mashineni.

Msiniambie Mungu ameshasamehe. Hamjatumwa.

Imebaki santuri moja, iko kwenye sanduku la bati, nimeifunga kwa shuka lake. Kila ikichezwa sindano inaila kidogo, na mwaka huu nimeichezesha kama mwendawazimu, mpaka sasa mikwaruzo inakaribia kumfunika. Isiuzwe. Asiazimwe mtu wa redio hata akipiga magoti. Na mtoto wa nyumba hii akikohoa, chochote kilichoko mkononi kitupeni, mumkimbilie. Huo ndio urithi, mengine ni vyombo.

Nipeni mikono. Mbona mna baridi... au ni mimi. Mungu awape watoto wenye vifua vizima, na nyinyi awape masikio. Mpatane. Mkishindwa, basi msalimiane.

Sasa mkubwa, weka kalamu chini. Itoe sandukuni. Iweke, mara moja tu, nikiwa bado nasikia. Wimbo wa nne... taratibu, usiikwaruze. Akishakohoa, nyanyua sindano. Hapohapo, nyanyua. Nilichoimba baada ya hapo... sikitaki.