Kitambaa Chekundu cha Jukwaani

KAMBA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, mashine ya zege inanguruma hapa!

DADA: Nani mwenzako? Dada yako, wewe! Niko hospitali, nje ya wodi.

KAMBA: Aa, dada! Shikamoo. Namba ngeni hii—

DADA: Marahaba. Simu ya muuguzi, na vocha iliyomo haifiki mbali. Nisikilize, Kamba.

KAMBA: Shemeji ameamkaje?

DADA: Na maumivu yake. Nyonga imevunjika, mguu mmoja hausikii kabisa. Utani tu ndio mzima. Anasema wewe fundi wa majukwaa ya ujenzi hata kamba za viatu hujui kufunga.

KAMBA: [anacheka kidogo] Huyo hafi leo.

DADA: Usicheke. Yule mama mkaguzi wa kazi amepita hapa asubuhi kumhoji.

KAMBA: Shemeji akamwambia nini?

DADA: Kwamba jana aliteleza jukwaani, akaanguka.

KAMBA: Aliteleza?

DADA: "Niliteleza mwenyewe, mama, andika hivyo." Mkaguzi akanivuta pembeni. Akasema kama ni hivyo mkandarasi hana lawama, tutajiuguza wenyewe. Lakini kama jukwaa lililegezwa kwa amri ya wakubwa, wao ndio watakaojibu. Sasa— unanisikia?

KAMBA: Mtandao unakatakata, da—

DADA: Mtandao mzima, wewe ndiye unayekatakata! Mume wangu hapandi kupiga plasta kabla hajatazama kitambaa chako chekundu. Akikiona, anajua jukwaa halijakazwa, hapandi. Jana kilikuwepo?

[mashine inanguruma]

DADA: Mdogo wangu.

KAMBA: Nilikifunga, dada. Haki ya Mungu nilikifunga. Mwenye jengo alikuwa anakuja, nyapara akaniambia nitoe kamba za nyuma nikakazie mbele, panapoonekana. Nikazitoa. Nikafunga kitambaa.

DADA: Halafu?

KAMBA: Akasema kitambaa kinamwaibisha mbele ya mgeni. Nikitoe.

DADA: Ukakitoa.

KAMBA: Nilidhani mafundi wote wako mbele, kumbe shemeji anapandia nyuma—

DADA: Shemeji yako anajua?

KAMBA: Nilipomwinamia pale chini, alikiona kinachungulia mfukoni mwangu. Akanitazama tu.

DADA: Ee Mungu wangu. Ndiyo maana anasema aliteleza, akukinge wewe.

KAMBA: Dada...

DADA: Mkaguzi yuko wapi sasa?

KAMBA: Hapa hapa. Ndio anaondoka, anaelekea kwenye gari. Nyapara alishatupanga: tuseme shemeji alifungua kamba mwenyewe. Atakayesema vingine, kesho asije. Na mimi nina watoto, dada—

DADA: Watoto wako ni wangu. Watakula kwangu tutakachokula. Kamba, tangu alfajiri nakuombea wewe kuliko hata mgonjwa, nikawa nashangaa kwa nini. Sasa nimejua. Kitambaa kiko wapi?

KAMBA: Bado mfukoni. Nimeshindwa kukitupa.

DADA: Basi— aa, vocha inaisha hii—

KAMBA: Nyapara amesimama getini, ananikodolea macho.

DADA: Mwache akodoe! Shemeji yako amekubali kulala pale na kosa lisilo lake kwa ajili ya—

KAMBA: [kwa mbali] Mama! Mama mkaguzi! Usifunge mlango, nina neno!

DADA: Haloo? Kamba? Nenda, mdogo wangu, Mungu akutangu—

[simu imekatika]