Ajitolee, na Bado Alipe?

Katika basi dogo la kutoka Tel Aviv kwenda Haifa, mama mmoja mgeni kutoka Buenos Aires alikuwa nyuma yangu akimlalamikia mzee ambaye hata jina hakuwa amemuuliza.

"Mjukuu wangu anataka kuja huku kujitolea na shirika moja mwaka mzima. Asubuhi afundishe watoto, jioni asome Talmud, vitabu vya sheria za dini yetu. Halafu sisi ndio tulipe! Umeona wapi kibarua akamlipa tajiri?"

"Mnalipia chumba, chakula na mwalimu, mama."

"Mwalimu gani, mzee wangu? Kwenye picha zao wote wanacheka tu. Mimi hela yangu simpi mtu nisiyemjua, ng'o!"

Papo hapo akanigusa bega, akanipa noti ya shekeli mia mbili ya kulipia nauli yake. Nikampa askari aliyekuwa mbele yangu, naye akampa dereva, kama ilivyo desturi yetu. Chenji ikarudi mkono kwa mkono, na mama akaitia mkobani bila kuihesabu.

Mzee akacheka. "Kwani sisi unatujua?"

"Siwajui. Lakini mikono yenu naiona. Huko nitaona ya nani?"

Gari likasimama. Mzee akateremka, na mama akamsindikiza kwa macho, hasa mikononi.